Bahari ya Shamu: ni Mungu au ni upepo? Naombeni ushauri, vijana wamenibana

Mwalimu wa Vijana:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kipindi cha vijana kanisani, na mada ni uweza wa Mungu juu ya uumbaji katika Agano la Kale. Nilianzia Bahari ya Shamu, pale maji yalipogawanyika Waisraeli wakapita. Kijana mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, Kutoka 14:21 inasema upepo wa mashariki ulivuma usiku kucha. Sasa ni Mungu au ni upepo?" Tumeliweka swali hadi Jumapili. Mngejibuje?

Mzee wa Baraza:
Mpongeze, amesoma. Andiko lenyewe halikuficha upepo. Hata nzige wa Kutoka 10 waliletwa na upepo wa mashariki, wakaondolewa na wa magharibi. Mwandishi haoni Mungu na upepo wakigombania kazi. Zaburi 104 inauita upepo mjumbe wake.

Binti Sayuni:
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, ila mimi ningeiacha bahari kwanza, niende 1 Wafalme 17 na 18. Baali hakuwa sanamu tu la kuchekwa. Kwa Wakanaani ndiye aliyeleta mvua na radi. Vibao vilivyoanza kufukuliwa Ugarit, pwani ya Syria, mwaka 1929 vinamwita mpanda mawingu. Kwa hiyo nabii Eliya anapomwambia mfalme Ahabu hakutakuwa na umande wala mvua, anamgusa Baali kwenye kazi yake hasa. Halafu angalia Eliya anapelekwa wapi wakati wa ukame: Sarepta, nchi ya Sidoni, nyumbani kwao Yezebeli, mke wa Ahabu aliyemwabudu Baali! Na huko nako mvua hakuna, mjane anaokota kuni apike mlo wa mwisho. Ukifika mlima Karmeli, Eliya anaposhindana na manabii wa Baali, vijana watakuwa wameshaelewa kinachogombewa: mvua ni ya nani? Moto unashuka, sawa, lakini kisa hakiishi mpaka lile wingu dogo kama mkono wa mtu litoke baharini.

Mchokozi:
Vizuri. Na mafuriko yanayozoa nyumba za watu mabondeni? Nayo ni mjumbe?

Mzee wa Baraza:
Hapo mwalimu awe mwangalifu. Amosi 4 inasema kweli Mungu aliunyeshea mji mmoja akaunyima mwingine, lakini nabii alikuwa akiwasema watu wake mwenyewe, walioonea maskini. Si rungu la kumpiga jirani aliyefiwa. Watoto wa Ayubu waliangukiwa na nyumba kwa upepo wa jangwani, rafiki zake wakamwambia katenda dhambi, na mwishoni Mungu anawakasirikia hao rafiki.

Binti Sayuni:
Na Ayubu 38:26! Mvua inanyesha jangwani pasipo na mtu. Si kila tone linatuhusu sisi.

Mchokozi:
Hilo nimelipenda, nikiri.

Mwalimu wa Vijana:
Asanteni sana. Basi naanza na ukame wa Eliya, na yule kijana nampa Ayubu 38 asome kwa sauti.

Mzee wa Baraza:
Ila usiishie Karmeli. Sura ya 19, pale mlima Horebu Eliya alipokutana na Mungu, BWANA hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Wakiuliza imekuwaje tena, waache wabishane kwanza.