Taarifa ya diwani kuhusu huduma za kata: tuisome vipi, na tumuulize nini mkutanoni?

MkaziWaBondeni (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Diwani wa kata yetu, iliyo pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, ametusambazia taarifa ya robo mwaka kupitia kundi la WhatsApp la mtaa, na ametangaza kwamba ataisoma na kupokea maswali katika mkutano wa hadhara utakaofanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nampongeza kwa dhati, kwa sababu kiongozi anayeandika anachofanya anatupa wananchi mahali pa kushika. Ndiyo maana nataka tumjibu kwa maswali ya maana, badala ya makofi au zomeazomea.

Taarifa inagusa mambo mengi. Karavati la barabara ya kwenda bondeni, lililosombwa na mvua za masika, "limeshafikishwa kwa wataalamu". Boma la zahanati, ambalo sisi wenyewe tuliliinua kwa michango na nguvu zetu hadi usawa wa renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), "linasubiri fedha za ukamilishaji". Uzoaji wa taka ni "changamoto inayofanyiwa kazi". Matundu ya vyoo ya shule ya msingi yamekamilika, na hilo nimelithibitisha kwa macho yangu. Mwishoni vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinahimizwa kuomba mikopo ya halmashauri.

Tatizo langu ni kwamba, ukiondoa vyoo vya shule, siwezi kujua ni lipi limetengewa fedha, ni lipi limeombewa tu, na ni lipi lililo nje ya uwezo wa diwani kabisa. Karavati ndilo linaloniumiza zaidi. Watoto wanavuka kwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya mfereji, na mvua ikinyesha usiku mgonjwa hubebwa mgongoni hadi ng'ambo ndipo bajaji imchukue. Mama mmoja jirani yetu alivushwa hivyo akiwa na uchungu wa kujifungua.

Naomba wenye uzoefu wa serikali za mitaa wanisaidie: diwani ana mamlaka gani hasa juu ya mambo haya, na ni maswali gani tukiyauliza atalazimika kutujibu kwa jambo linaloweza kufuatiliwa? Naomba pia tusiingize ushabiki wa vyama, kwa sababu shimo la barabarani halichagui kadi ya mtu.

MtendajiMstaafu

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya utendaji wa kata kwa miaka mingi na nimeandika taarifa nyingi za aina hiyo, kwa hiyo nitakueleza jinsi zinavyozaliwa.

Diwani hana fungu lake la fedha za miradi, wala hawaamuru watumishi. Nguvu yake ipo mahali pawili. Mahali pa kwanza ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, wenyeviti wote wa mitaa ni wajumbe, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Mahali pa pili ni Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka, hupitisha bajeti ya halmashauri na kumhoji mkurugenzi pamoja na wakuu wa idara zake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, lakini katika Baraza yeye ni katibu na analazimika kutoa majibu. Diwani anayevitumia vikao hivyo viwili vizuri anaweza kuibadilisha kata yake, na asiyevitumia atabaki kusema kwamba amelifikisha suala kunakohusika.

Sasa tuje kwenye karavati. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa na za vijijini zimekuwa chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na si idara ya ujenzi ya halmashauri kama ilivyokuwa zamani. Wananchi wengi bado wanamlaumu diwani kwa greda lisilokuja, ilhali greda hilo si la halmashauri. Wakala huo una mpango wake wa mwaka na vyanzo vyake, ikiwemo tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa katika mwaka wa fedha 2021/22 kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani si "karavati litajengwa lini?", kwa sababu kwa swali hilo atakupa ahadi. Muulize kama barua ya kuomba karavati hilo ilikwenda kwa meneja wa wakala wa wilaya, ilikuwa ya tarehe gani, kama mhandisi amefika kupima, na kama kazi hiyo imo katika mpango wa mwaka huu wa fedha au imependekezwa kwa mwaka ujao. Hayo manne yana majibu mafupi na ya wazi, na kila jibu lina karatasi nyuma yake.

Jambo jingine ambalo wananchi wengi hawalijui ni kwamba hiyo taarifa mliyotumiwa WhatsApp huenda si ile iliyowasilishwa barazani. Kwa utaratibu uliozoeleka, kikao cha robo cha Baraza hutenga siku ya kupokea taarifa za kata, na kila diwani huwasilisha ya kwake kwa maandishi, ikiwa na kero zilizopo na hatua ambayo kila mradi umefikia. Nimeshuhudia tofauti kubwa kati ya karatasi hizo mbili: ile ya Baraza huwa na kiasi cha fedha, chanzo chake na kilichobaki, na ile ya wananchi huwa imebakiwa na sentensi laini. Ombeni ile ya kwanza, pamoja na muhtasari wa kikao cha mwisho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hizo si siri. Mikutano ya Baraza yenyewe iko wazi kwa wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na inamtaka anayeombwa ajibu ndani ya siku 30. Mimi binafsi naona ni busara kuanza kwa kuomba kwa mdomo na kwa heshima, kwa sababu watendaji wengi wanatoa bila shida mwananchi akijua jina la karatasi anayoitaka.

KamatiYaUjenzi

Nachangia kuhusu zahanati tu, kwa kuwa nimekuwa mjumbe wa kamati ya aina hiyo.

Boma lililofikia renta likaachwa linakula mvua huharibika kuanzia juu. Tofali za juu huanza kumomonyoka, nondo zilizochomoza hushika kutu, na fundi atakayekuja kupaua baada ya misimu miwili ya mvua atataka kubomoa kozi kadhaa kabla ya kufunga kenchi. Maana yake ni kwamba makadirio ya ukamilishaji yaliyoandikwa wakati mnasimamisha kuta huenda hayatoshi tena. Muulizeni diwani makadirio yanayotumika ni ya mwaka gani, na kama mhandisi wa halmashauri amelikagua boma tangu ujenzi usimame. Hilo ni muhimu kuliko kuuliza fedha zinakuja lini, kwa sababu nimeona fedha zikija kwa makadirio ya zamani, mabati yakapigwa, kisha jengo likakaa bila milango na bila mfumo wa maji.

La pili, fedha zikifika, miradi hii ya ngazi ya jamii mara nyingi hujengwa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa kamati za wananchi, bila mkandarasi mkubwa. Huundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi ya vifaa. Msiidharau hiyo ya mapokezi. Ndiyo inayosimama gari la saruji linapofika, inahesabu mifuko mmoja mmoja, inalinganisha na hati ya mzigo na kusaini leja ya stoo kabla dereva hajaondoka. Kwetu mjumbe mwenzangu, mama muuza mboga ambaye hakupita sekondari, aligoma kusaini kwa sababu nondo zilizoletwa zilikuwa za milimita 10 na mchoro ulitaka za milimita 12. Alizipima kwa kuzilaza sambamba na kipande cha nondo kilichobaki kwenye msingi. Mzigo ukarudi dukani. Chagueni watu wa namna hiyo mapema, mkutanoni, mbele ya wote, kwa sababu kamati inayoundwa haraka fedha zikiwa tayari zimeingia huwa ni ya watu wanaofahamiana.

KikundiChaUsafi

Habari zenu. Mimi nipo kwenye kikundi kinachozoa taka katika kata nyingine ya jiji hilihili, na ninaomba mtuelewe na sisi.

Ada ya taka hupangwa kwa sheria ndogo ya halmashauri, na mzoaji analipwa kutokana na ada hiyo, kwa hiyo nyumba zikilipa nusu, gari huja nusu ya safari. Taka za Dar es Salaam zinapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, na kwa kata iliyo upande wa pili wa jiji huo ni mwendo mrefu wenye foleni na mafuta mengi. Gari likishaharibika, taka hukaa kwenye viroba mlangoni, mbwa hupasua, na kabla hatujafika zimeshaingia mferejini. Hapo mleta mada aunganishe mambo mawili: mfereji uliojaa chupa na mifuko ndio unaopandisha maji hadi yakabeba karavati. Mkijengewa jipya bila kushughulikia taka, nalo litabebwa.

Mkutanoni ulizeni mkataba wa mzoaji wa kata yenu unasema aje mara ngapi kwa wiki, unaisha lini, na nani katika halmashauri anahakiki kwamba alikuja. Ulizeni pia kama njia nyembamba zisizopitika kwa gari zimewekewa utaratibu wa guta au toroli na sehemu ya kukusanyia. Kwetu hilo la mwisho ndilo lililoleta nafuu, kwa kuwa nyumba zilizokuwa zikigoma kulipa zilikuwa hasa zile ambazo gari halikuwahi kuzifikia, na walikuwa na haki ya kugoma.

MwekaHazinaWaKikundi

Kuhusu mikopo, neno "hamasikeni" halitoshi. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha udhaifu mkubwa katika utoaji na marejesho, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vingi vilivyokuwa vimejiandaa wakati ule vilikata tamaa na havijui kwamba vinatakiwa kuanza upya.

Kwa hiyo muulizeni diwani ni vikundi vingapi vya kata yenu viliomba, vingapi vilipata, vingapi vilikataliwa na kwa sababu gani. Sababu ndiyo muhimu. Kikundi chetu kilirudishiwa maombi kwa kuwa andiko la biashara lilisema tunafuga kuku na akaunti yetu ya benki haikuonyesha mzunguko wowote wa fedha za kuku. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alikaa na sisi kwenye benchi la ofisi, akatuonyesha kwa kidole mstari kwa mstari, na awamu iliyofuata tulipata. Msaada huo tungeupata mapema kama taarifa ya kata ingesema tu maombi yanakwama wapi.

MkaziWaBondeni (mleta mada)

Nawashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa mtaa, naye amekubali maswali ya karavati na ya makadirio ya zahanati yafikishwe kwa diwani kwa maandishi kabla ya mkutano, ili aje na majibu kamili na asionekane amevamiwa. Nina swali moja la mwisho kwa mzee wetu mtendaji mstaafu: ikibainika kwamba karavati halimo katika mpango wowote, tufanye nini ili liingie mwaka ujao?

MtendajiMstaafu

Umefanya vizuri kumpa maswali mapema, na umjulishe pia mtendaji wa kata, kwa kuwa majalada anayo yeye.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mkisubiri Juni mmechelewa, kwa sababu Bunge la Bajeti huketi kuanzia Aprili na kabla ya hapo Baraza la Madiwani limeshapitisha mapendekezo yake. Vipaumbele hukusanywa kuanzia mitaani mwishoni mwa mwaka wa kalenda, takriban Novemba. Kwa hiyo itisheni mkutano wa wakazi wa mtaa kabla ya hapo, karavati liandikwe katika muhtasari kama kipaumbele cha kwanza, muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha upelekwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ambatanisheni picha za eneo wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, pamoja na maelezo ya shule na nyumba zinazotegemea njia hiyo. Mwombeni diwani nakala moja iende kwa meneja wa wakala wa barabara wa wilaya na nyingine asimame nayo yeye mwenyewe barazani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa sasa, wakati mnasubiri, ombeni kivuko cha muda cha miguu chenye kingo kama suala la dharura la usalama wa watoto, katika barua yake ya peke yake, ili kisingojee bajeti ya karavati.