Mrejesho: Kiitaliano kimekubali, Caro-Kann nusunusu

Asanteni sana, bakaka na badada. Niliuliza nianze na ufunguzi gani wa chesi; mlisema mmoja kwa weupe, mmoja kwa weusi, basi.

Kiitaliano, ufunguzi wangu wa weupe (e4, farasi f3, askofu c4; herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), kimekubali. Kilichoniangusha ni kukimbilia kupeleka farasi g5. Mweusi anasukuma d5, unakula, naye badala ya kulipiza anapeleka farasi a5: askofu anafukuzwa, shambulio limekwisha. Bora d3 na roki (kumhamisha mfalme pembeni pamoja na ngome) mapema. Tena, mweusi akiweka farasi d4 hatua ya tatu, pioni (kipande kidogo) yake ya e5 ni chambo, usiile! Malkia wake anatua g5, anatishia farasi na g2 kwa pamoja. Kula huyo wa d4.

Caro-Kann, ufunguzi wangu wa weusi dhidi ya e4 (c6, d5): askofu wa c8 atoke f5 kabla ya e6, asifungiwe ndani. Mweupe akianza na d4, bado ninapigwa. Pioni zangu zinafanana na za Caro-Kann, lakini askofu akitoka mapema, malkia mweupe anakuja b3 na b7 inabaki bila mlinzi.

Kukagua hatua 10 za kwanza kila baada ya mchezo ndiko kumesaidia zaidi. Huku Bukavu umeme ukikatika, ubao wa mbao unatosha.