Naomba ushauri: shamba lina rehani, tunataka kuliwekea haki ya uhifadhi

Wakuu, shamba ni ekari 40, Kajiado, Kenya, kwenye mapito ya wanyamapori. Sheria ya Mazingira ya 1999 inairuhusu mahakama kuweka haki ya uhifadhi (masharti yanayobana matumizi ya ardhi ili kulinda mazingira), ya kudumu au ya miaka maalumu, na mwenye ardhi anaweza kudai fidia.

Kinachosumbua ni rehani ya benki, iliyosajiliwa kwanza. Bila ridhaa yake ya maandishi, benki ikipiga mnada mnunuzi atadai ardhi isiyo na masharti. Pia jirani amepitisha ng'ombe hapo zaidi ya miaka 20. Haki hiyo ya kupita haimo kwenye rejista ya ardhi, lakini haki ya namna hiyo humbana mwenye ardhi hata isipoandikwa.

Tuanzie benki, au mahakamani moja kwa moja? Na mapito ya mifugo tuyaainishe kwa ramani ya mpima?