Ushauri: Mwanangu anatimiza miezi sita na hajaonja kitu zaidi ya ziwa. Nianze na nini?

MamaNuru_Tabata

Wakuu, habari za mchana. Binti yangu anatimiza miezi sita wiki ijayo. Tangu azaliwe ananyonya tu, hata maji sijampa, na kwenye kadi ya kliniki mstari wake uko vizuri kabisa kwenye kijani. Sasa muda wa kula umefika na kila mtu ana lake.

Mama mkwe kanitumia kutoka Singida mfuko wa unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, na dagaa humo humo, vyote vimesagwa pamoja. Anasema ndio uliowakuza wanawe wote, mume wangu akiwemo. Jirani ananiambia nianze na matunda peke yake, mengine baadaye. Kazini wananiambia ninunue vya kopo, ila bei zake nazijua.

Mchana mtoto anabaki na dada, kwa hiyo nataka kitu kinachopikika kirahisi. Nianze na kipi, kiasi gani, na huu unga niufanyeje bila kumuudhi mkwe? Nawasilisha.

KijanaWaBonde

Sisi tumekuzwa kwa uji wa dona na chai ya rangi, na leo tupo hapa tunabishana na nyie. Mnayakuza mambo.

BabaMapacha

Mkuu hapo juu, chai ya rangi kwa mtoto ndiyo inayozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Waliokua wamekua, waliopungukiwa damu hawaji humu kusimulia.

MlisheWaKata

Mama Nuru, hongera kwa kufikisha miezi sita bila kumchanganyia. Kazi yangu ni lishe ngazi ya jamii, nitaandika kwa urefu kidogo.

Wengi wanadhani chakula kinaanza kwa sababu maziwa ya mama yameisha nguvu. Hapana. Maziwa yako bado ndiyo chakula chake kikuu na ataendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kilichobadilika ni kwamba akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kuisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kwa hiyo swali lako lisiwe uji au matunda. Jiulize hicho chuma atakipata wapi. Uji mtupu hauna cha kutosha, papai halina. Kipo kwenye maini, nyama, samaki na dagaa, na kwa kiasi kidogo kwenye kiini cha yai na maharage.

Chukua kipande cha ini, chemsha mpaka ndani kusiwe na wekundu wowote, kisha likwangue kwa ncha ya kijiko. Linatoka kama unga laini, hakuna haja ya blenda. Changanya na kiazi lishe (kile cha rangi ya chungwa) kilichopondwa kwa uma, tia mafuta kidogo ya kupikia, na ulainishe kwa maziwa uliyokamua au supu yake. Chumvi hapana, sukari hapana. Ini mara moja kwa wiki inatosha kwa sababu lina vitamini A nyingi sana. Siku nyingine weka nyama ya kusaga, samaki aliyetolewa miba vizuri, yai lililoiva kabisa, au maharage yaliyolowekwa usiku, yakapikwa yakalainika na kuondolewa maganda.

Kiasi: siku za mwanzo vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 kwa siku, ukipandisha taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 mara 2 au 3. Akifika miezi 9 zitakuwa mara 3 au 4, na chakula kiwe na vipande vidogo badala ya rojo.

Uzito wa chakula ndio unaoponza nyumba nyingi. Tumbo la mtoto wa kilo 7 linabeba kama mililita 200 tu. Ukilijaza uji unaomiminika, umelijaza maji, atashiba na hataongezeka. Inamisha kijiko: uji ukitiririka, ni mwepesi. Unatakiwa ushikane na kijiko, udondoke kwa mabonge. Ukiona mzito mno kwake usiongeze maji, tumia kimea. Otesha ulezi, anika, saga. Uji ukishaiva uache upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga, utalainika wenyewe mbele ya macho yako. Halafu urudishe jikoni uchemke kidogo.

Unga wa mkwe nitaurudia jioni, nina kikao.

Nyanya_Kibosho

Mjukuu wangu, huku kwetu mtoto anaanza na mtori na hakuna aliyelalamika. Ndizi mshale na nyama ya mfupa, chemsha pamoja hadi nyama iachane na mfupa, ponda kwa mwiko. Chota la mtoto KABLA hujatia chumvi ya wakubwa, na ile nyama uiponde nayo, usimpe supu peke yake ukadhani amekula nyama. Wasichana wa siku hizi wanampa mtoto supu, nyama wanakula wao.

Anko_Mbarikiwa

Asali tone moja kwenye ulimi inamsafishia tumbo. Bibi yetu alikuwa na chupa yake maalumu.

MlisheWaKata

Hapana kaka, asali isubiri mpaka mtoto apite mwaka 1. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzidhibiti, zikatoa sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Kuichemsha nyumbani hakuziui.

BabaMapacha

Nichangie ya upande wa kulisha. Wangu wawili, chakula kile kile, siku ile ile. Mmoja alifungua mdomo kama kifaranga, mwingine alitema kila kitu na kukunja uso mpaka mama yake akataka kuacha. Kukunja uso si kukataa, ni mgeni tu wa ladha. Kilichokataliwa leo tulikirudisha baada ya siku kadhaa, bila kumshika pua wala kumlaza na kummiminia.

Choo kikiwa kigumu usitishike, papai na maji kidogo ya kuchemsha kwa kikombe vinasaidia. Na mwambie dada: mtoto akae wima, na asiachwe peke yake akiwa na kitu mdomoni. Karanga nzima, zabibu nzima na bisi visimkaribie. Akikohoa na kutoa sauti anajitahidi mwenyewe, muangalie tu. Akinyamaza huku anahangaika, hapo amepaliwa kweli, mgeuze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kiwe chini, mpige mgongoni kati ya mabega. Haya dada ayajue kabla ya mapishi.

Mrembo_wa_Kiwira

Samahani nadandia uzi. Wangu ana miezi minne, usiku anaamka kila saa, mama anasema ana njaa nimpe uji. Nimpe?

MlisheWaKata

Bado, mdogo wangu. Umri huo watoto wengi huamka hivyo, na dawa yake ni kumnyonyesha zaidi, siku chache ziwa linajirekebisha. Ukimpa uji sasa atapunguza kunyonya, na utakuwa umemfungulia mlango wa kuharisha. Kama uzito hauongezeki mpeleke kliniki apimwe, ila kuamka usiku peke yake si ishara ya kuanza chakula. Ishara ni shingo kukaza, kukaa kwa kuegemea, na ulimi kuacha kusukuma nje kila kinachoingia, na hizo huja karibu na miezi sita.

Sasa unga wa Singida. Nia ya mkwe ni njema, ila mchanganyiko wa vitu tisa una matatizo yake. Soya inahitaji kuiva kwa muda mrefu kuliko ulezi, ukipika uji dakika chache inabaki mbichi na tumbo linasumbuka. Karanga na dagaa vikishasagwa, mafuta yake yanachacha haraka. Mtoto akitoka vipele hutajua kimemfanya nini. Na kubwa zaidi ni sumukuvu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoshikwa sana na ule ukungu, na kupika hakuondoi sumu yake. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga nunua nzima, chagua kwa mkono wako, iliyosinyaa au yenye doa tupa. Kisha kaanga, saga, na umtilie kijiko cha chai kwenye uji wa ulezi. Usimcheleweshee karanga kwa hofu ya mzio, ila iwe imesagwa laini. Kama mtoto ana ukurutu mkali, muone daktari kwanza.

MamaNuru_Tabata

Nimeelewa vizuri, Mungu awabariki. Nimebaki na mawili: dagaa wa Mwanza nawaandaaje, na mkwe namwambiaje?

Nyanya_Kibosho

Dagaa toa vichwa na matumbo, osha maji ya moto mara kadhaa mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, kausha kwenye sufuria bila mafuta, twanga, chekecha. Weka kwenye chupa kavu, kidogo kidogo, usitwange wa mwezi mzima.

Mkwe usimwambie unga wake una sumu, utavunja nyumba. Mwambie mtoto ameanza kula nyama na mayai, na kuku wa Singida hawapatikani Dar. Ulezi mtupu naye mwombe, ambao haujasagwa. Huo wa mfuko usimpe mtoto.

MamaNuru_Tabata

Nimempigia. Amecheka sana. Kuku na trei la mayai vinakuja na basi la Ijumaa, ila ameniuliza kama ule unga umeanza kuupika.