Nyumba ya Bububu, Zanzibar: Likizo ya Salim

*Ijumaa usiku*

Salim (Muscat): Asalaam aleikum nyote. Mama shikamoo. Ami shikamoo. Ofisini wanataka fomu za likizo kabla ya Jumapili asubuhi. Nataka kuja na mama watoto na wanangu, madhali bado wadogo, skuli hawajaanza. Nije Julai au Disemba?

Zuhura: Waaleikum salaam. Disemba, swali gani hilo. Maembe.

Mwanaidi (Dar): Julai! Disemba joto lile, mtu unatoka kuoga unatoka jasho. Julai kipupwe, unajifunika, unalala. Na machungwa yamejaa.

Nasra (London): Kipupwe chenu hicho digrii 22, watu wamevaa masweta 😂

Zuhura: Wewe ukija ndio wa kwanza kuuliza blanketi liko wapi. Usinifungue mdomo.

Rayyan: Mjomba njoo Julai!! Kusi inavuma, tunarusha tiara za karatasi kiwanjani. Njukuti nishachonga.

Salim (Muscat): Gundi unatumia ipi?

Rayyan: Ya dukani

Salim (Muscat): Astaghfirullah. Gundi ya tiara ni unga wa ngano na maji, unakoroga motoni mpaka unavutika. Unapaka kidogo kwa kidole. Hiyo ya dukani ukiijaza karatasi inalemewa, tiara inapanda kidogo halafu inakwenda kichwa chini. Na mkia uwe wa kitambaa, usiweke mfuko wa plastiki.

Rayyan: Mama kanikataza unga

Zuhura: Nimekukataza unga wa maandazi yangu. Sema sawasawa.

Salim (Muscat): Haya, kura. Julai mmoja na nusu, Disemba mmoja. Mama wewe unasemaje?

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Salim (Muscat): Niko kwenye gari na watu. Mtu aniandikie tafadhali.

Tatu: Nakuandikia Mjomba. Bibi anasema hivi: "Mwambieni Salim asije Julai wala Disemba. Aje sasa, masika. Disemba akija simuoni. Leo harusi, kesho Nungwi, keshokutwa wageni, usiku anarudi ananambia Mama nimechoka, nalala. Mara ile kakaa mwezi mzima, nikamtazama uso siku ya kwenda uwanja wa ndege. Masika mtu hana pa kwenda. Anakaa." Halafu kuna paka anafukuzwa, hayo sikuandika.

Salim (Muscat): Mama jamani. Masika nije nifanye nini? Nikae barazani nitazame matope?

Zuhura: Ndiyo.

Mwanaidi (Dar): Ana haki lakini. Mie masika ya huku siyapendi kabisa, nikisikia ngurumo nawaza barabara ya Jangwani tu, maji yakijaa watoto watarudije. Juzi gari zimesimama mpaka watu wakatembea. Lakini masika ya nyumbani mbali. Mnakumbuka umeme ukikatika, sote kitanda kimoja cha Mama?

Nasra (London): Na Salim analia anasema radi inamtafuta yeye

Salim (Muscat): Hayo ya nani sasa

Ami Makame: Aleikum salaam wanangu. Nilikuwa msikitini. Nyie mnahesabu kwa simu. Sie Makunduchi tunahesabu toka Siku ya Mwaka, ile ya Mwaka Kogwa. Mwaka una miongo 36, kila mwongo siku kumi, zinabaki siku tano. Toka tulivyopigana kwa magomba siku hiyo, mwezi wa Julai, zishapita siku mia mbili na sitini na ushei. Mvua kubwa ndiyo hii. Wazee walikuwa wanajua lini wapande mpunga na lini jahazi lifunge safari kwa hesabu hiyo hiyo, kalenda ya ukutani hawana.

Nasra (London): Ami bado unapigana magomba?

Ami Makame: Mie mtazamaji. Goti.

Salim (Muscat): Ami huku Mei joto linagonga digrii 40. Unashika mlango wa gari kwa kitambaa. Watu wote wanasubiri Julai wakimbilie Salalah, kilomita kama elfu moja, familia nzima garini. Kule milima inakuwa kijani, ukungu, manyunyu. Wanatandika mkeka kwenye majani, wanatia chai, mvua inawanyeshea na chai yao na wanacheka.

Ami Makame: Ndiyo kusi hiyo hiyo, upepo wetu. Huku unasukuma bahari mpaka wavuvi wanalala nyumbani, ukifika kwenu unapanda milima unatoa ukungu.

Tatu: Bibi anauliza, niandike? Anauliza: "Yaani anaendesha gari siku nzima kwenda kutazama rasharasha?"

Zuhura: 😂😂😂

Tatu: "Na mafuta analipa?"

Salim (Muscat): Mama analipa mafuta mwanao ndiyo.

Tatu: Kacheka sana. Haongei tena, anacheka tu.

Nasra (London): Mie saa hizi ndio kwanza jua linakuchwa huku, saa mbili usiku. Watu wote wametoka nje, wamekaa bustanini na makoti wanasema leo joto. Digrii 14.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Tatu: Anakuuliza mama mdogo, Juni mnasali Isha saa ngapi?

Nasra (London): Mama usiniulize. Saa tano na zaidi. Nasali nimesimama nimelala.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

Tatu: Kasema maskini.

*Jumamosi asubuhi*

Zuhura: 📷 Picha
Salim tazama. Imeanza alfajiri haijapumua. Hilo pipa lilikuwa tupu jana.

Salim (Muscat): Mlizamu wa paani mbona umeinama vile? Maji nusu yanakwenda ukutani.

Zuhura: Umeinama toka mwaka juzi. Rayyan na wenzake wanaoga hapo hapo kwenye hayo yanayomwagika, sabuni wametoa chooni. Sasa hivi hata simu sikusikii ukinipigia, bati linapiga kama ngoma. Tunaongea kwa ishara ndani ya nyumba.

Mwanaidi (Dar): Mmekunywa nini asubuhi? Nambie nife.

Zuhura: Uji wa pilipili manga.

Mwanaidi (Dar): Nimekufa.

Nasra (London): Mie hata sijui kuupika, nikipika unakuwa mabonge. Nielekeze.

Zuhura: Unga wa mchele unauchanganya na maji baridi kwanza pembeni, usitie unga mkavu kwenye maji ya moto, hapo ndipo mabonge yako yanapotoka. Tui jepesi linachemka, unamimina huku unakoroga, mkono usipumzike. Sukari. Tui zito mwisho, moto mdogo. Pilipili manga unaitwanga hapo hapo kwenye kinu, ile ya kopo ishalala haina harufu. Unatia mpaka ukinywa koo linajua.

Ami Makame: Unga wa ngano.

Zuhura: Ami shikamoo. Wa mchele.

Ami Makame: Marahaba. Marehemu mama yenu mkubwa alikuwa akitia wa ngano.

Zuhura: Na sie tukiunywa kwa heshima yake.

Mwanaidi (Dar): 😭😭

Salim (Muscat): Na mchana?

Zuhura: Muhogo wa nazi. Samaki hakuna, nimetuma mtu sokoni Malindi mjini karudi na kibua watatu kwa bei ya nguru. Bahari chafu, watu hawaendi. Dagaa nao hawakauki, wanaoanika wamekaa mikono kiunoni wanatazama mbingu. Basi muhogo, na majani ya kunde ya uwani. Hayo yamejaa, mvua wiki mbili tu yamefika magotini.

Salim (Muscat): Majani ya kunde na nazi au makavu?

Zuhura: Nazi. Wewe fomu ushajaza?

Salim (Muscat): Bado naangalia.

Nasra (London): Anaangalia nini, anaangalia sufuria la watu.

Tatu: Mjomba nguo ndio tabu. Hazikauki siku ya tatu hii, sare zangu zinanuka uvundo. Bibi kanifundisha jana. Kaweka chetezo chini, kaa la moto, kipande cha udi na ubani kidogo, juu kafunika kikapu, halafu nguo juu ya kikapu. Moshi unapanda ndani kwa ndani. Kanambia nisikae nacheza simu, nigeuze, la sivyo zitaungua. Leo darasa zima la tuisheni wananiuliza nakwenda harusi gani.

Mwanaidi (Dar): Ule udi alioleta Salim?

Tatu: Huo huo. Kumbe Bibi alikuwa anauweka chini ya godoro.

Salim (Muscat): Mama ule nilikuletea ujifukize wewe! Una bei ule, si wa sare za skuli.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

Tatu: "Nimfukizie nani mie, paka? Atie mtoto anukie."

*Jumamosi usiku*

Zuhura: Umeme umekwenda toka Magharibi. Niko asilimia 31. Mvua imerudi, tumekaa ukumbini sote, taa moja ya chemli. Bibi yao anatega vitendawili. Mlioko mbali ingieni.

Tatu: Kitendawili!

Nasra (London): Tega

Tatu: Kuku wangu katagia miibani

Nasra (London): Nanasi. Hicho cha chekechea.

Tatu: Kitendawili!

Mwanaidi (Dar): Tega

Tatu: Popoo mbili zavuka mto

Mwanaidi (Dar): Macho!

Tatu: Rayyan zamu yake. Kitendawili!

Salim (Muscat): Tega baba

Rayyan: Kinapanda kinaimba, kinashuka kinalia

Salim (Muscat): Ndege?

Rayyan: Siyo

Nasra (London): Ndoo ya kisimani?

Rayyan: Siyo

Ami Makame: Hicho sikijui. Umekipata wapi?

Rayyan: Nimetunga mwenyewe

Salim (Muscat): Haya nakupa mji

Rayyan: Mji gani

Salim (Muscat): Muscat

Rayyan: Sitaki joto

Nasra (London): Chukua London

Rayyan: Sitaki kusali Isha saa tano

Mwanaidi (Dar): Dar?

Rayyan: Jangwani maji

Zuhura: Huyu mtoto namtoa nje saa hizi.

Ami Makame: Chukua Makunduchi, mjukuu wangu.

Rayyan: Hapo sawa. Nimekwenda Makunduchi, nimekula pweza, nimekula na mkate wa kumimina, Ami kanipa elfu kumi. Jibu ni tiara yenye gundi ya dukani.

Salim (Muscat): 😂😂😂😂 Mshenzi huyu. Anajua kutega.

Ami Makame: Elfu kumi sijatoa.

Salim (Muscat): Zuhura, Mama anafanya nini sasa hivi?

Zuhura: Kakaa kwenye kiti chake, Tatu anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Hadithi kaianzia katikati, ile ya sungura na kisima, ya mwanzo kasema tunaijua. Jirani kaja na mwavuli umepinduka, kaomba kiberiti, na bado yupo. Kashika kahawa ya pili.

Salim (Muscat): Kiti cha mbele ya dirisha?

Zuhura: Cha mbele ya dirisha kinarowa. Tumekisogeza.

Salim (Muscat): Ami, nikipata likizo Mei mwanzoni, masika nitayakuta au nitakuta mikia yake?

Ami Makame: Mei mwanzoni bado mvua ya haja. Mwishoni inakatikakatika, unapata jua asubuhi, mchana inamwagika. Ukija na wiki tatu utaona kusi inaanza kushika, usiku unaanza kupoa.

Salim (Muscat): Haya. Nimejaza. Tarehe 3 Mei, wiki tatu. Nimetuma, asinibadilishe mtu mawazo.

Mwanaidi (Dar): Alhamdulillah!! Na mie nakuja, wiki moja. Nitaomba ruhusa.

Nasra (London): Mnanifanyia makusudi. Mie likizo yangu Agosti, tiketi nishakata, hairudishwi.

Rayyan: Mama mdogo Agosti kuna upepo, nitakuwekea tiara

Nasra (London): Weka ya gundi ya unga.

Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:02)

Tatu: Bibi anasema: "Alhamdulillah. Sasa Salim asije na masanduku ya nguo, hazikauki. Alete halwa, kopo mbili, moja ya jirani huyu kakaa hapa anasikiliza. Watoto alete viatu vya plastiki. Na yeye aje na drili yake, mlizamu ule hauna mtu."

Zuhura: Kumbeee. Kumbe Mama alikuwa na lake! "Masika mtu anakaa." Anakaa juu ya ngazi!

Salim (Muscat): Mama nimekuja likizo au nimekuja kazini?

Tatu: "Mwambie yote mawili. Na bati la jikoni kuna tundu."

Mwanaidi (Dar): Nacheka peke yangu watoto wameamka. Salim ukipitia huku Dar, boti panda la asubuhi, mchana bahari inachafuka na mkeo hajazoea. Mwambie asinywe chai ya maziwa kabla.

Salim (Muscat): Tutalala wapi sote? Chumba cha nyuma?

Zuhura: Cha nyuma kinavuja juu ya kitanda kikubwa, nimeweka beseni. Nyie mtalala cha Rayyan.

Rayyan: Na mie?

Zuhura: Wewe na beseni.

Rayyan: Sawa lakini Mjomba aanze na tundu hilo kabla ya mlizamu

Zuhura: Asilimia 4. Usiku mwema.