Mtoto anakohoa wiki ya nne tangu apaliwe na karanga, picha ya kifua eti iko sawa. Naombeni ushauri

MamaSufi_Malaba

Salaam ndugu zangu. Naandika usiku huu mtoto kanilalia kifuani, na kifua chake kinapiga mluzi kama birika linalokaribia kuchemka. Ana miaka miwili na miezi miwili.

Mimi nauza karanga za kukaanga karibu na maegesho ya malori, nazifunga kwenye vikaratasi. Siku hiyo nilikuwa nazipeta uani, yeye na kaka yake wamekaa mkekani wanaokota zilizomwagika. Kaka yake akamtekenya. Mtoto akacheka, papo hapo akapaliwa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Nikamlaza mkononi kichwa chini, nikampiga mgongoni, akatapika kidogo, akatulia. Nusu saa baadaye anakimbiza kuku. Nikasema alhamdulillahi, yamepita.

Siku ya tatu kikohozi, siku ya tano homa. Kliniki ya kwanza wakasema nimonia, wakampa amoksilini. Akapata nafuu, dawa ikaisha, homa ikarudi. Kliniki ya pili wakasema pumu, wakampa salbutamoli ya maji. Haikusaidia kitu. Juzi nimelipia eksirei kwa faida ya wiki nzima, naambiwa mapafu yako sawa, nirudi nyumbani.

Sasa mama mkwe anasema ni kimio kimerefuka, kuna mzee anayekata, twende Jumamosi. Baba watoto yuko njiani na lori, Juba, simu haipatikani. Nifanyeje? Na tafadhali msinitukane kuhusu hizo karanga, nimeshajitukana vya kutosha.

Bodaman_Tororo

Pole sana dada. Sisi hapa tunatumia asali na tangawizi, asubuhi na jioni. Wiki mbili hizi mavumbi yamezidi, hata mimi nakohoa.

Klinishani_Mstaafu

Bodaman, mavumbi hayapigi mluzi mwezi mzima kwa mtoto aliyepaliwa. Mama Sufi, nijibu mambo mawili kabla sijasema lolote. Hao wa kliniki uliwaambia habari ya kupaliwa? Na sasa hivi amelala, mfunue kifua, hesabu anapumua mara ngapi kwa dakika moja kamili, kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha.

MamaSufi_Malaba

Wa kwanza sikumwambia, hakuniuliza, na mimi nilishaona yamekwisha. Wa pili nilimwambia, akasema karanga ingekuwepo picha ingeionyesha.

Nimehesabu mara mbili: 44, halafu 46.

Klinishani_Mstaafu

Asante. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 kwenda juu ni kupumua kwa kasi. Kwa hiyo mambo si shwari, hata kama anacheza.

Habari ya picha: karanga haionekani kwenye eksirei. Shilingi ya sarafu inaonekana, msumari unaonekana, mfupa mara nyingi unaonekana. Karanga, mahindi, maharage, kipande cha karoti, miale inapita tu kama hakuna kitu. Kinachoweza kuonekana ni athari yake: upande mmoja umejaa hewa kupita kiasi, au umesinyaa. Na picha iliyopigwa mtoto akiwa amevuta pumzi tu inaweza kutoka safi kabisa huku karanga imekaa humo humo.

Ngoja nikueleze imekaaje. Chakula na hewa vinapita koo moja, halafu vinaachana: chakula kinashika njia ya nyuma kwenda tumboni, hewa inashika bomba la mbele. Juu ya bomba hilo kuna kifuniko kidogo. Ukimeza, zoloto linapanda na kifuniko kinaziba. Ukicheka au ukilia unavuta hewa kwa nguvu, kifuniko kiko wazi, na kilichokuwa mdomoni kinafyonzwa ndani. Ndiyo maana ule mtekenyo ulitosha. Bomba la hewa la mtoto wa umri huo si pana, likadirie kwa kidole chake kidogo cha mwisho.

Bomba hilo chini linagawanyika mara mbili. Tawi la kushoto linakwenda mshazari kuupisha moyo. La kulia ni fupi zaidi, pana zaidi, na limeshuka karibu wima. Kitu kikidondoka, mara nyingi kinafuata la kulia. Kikikwama hapo kikohozi kikubwa kinatulia, kwa sababu kuta za ndani zinazoea, na mama anadhani kimetoka. Lakini karanga ina mafuta yanayouchoma utando, inanyonya maji, inavimba. Mtoto akivuta pumzi njia inapanuka hewa inaingia, akitoa pumzi njia inabana hewa inanaswa. Makohozi nayo yanakosa pa kutokea, vijidudu vinazaana, homa inapanda. Amoksilini inawapunguza vijidudu, lakini karanga haiitoi. Dawa ikiisha mnarudi pale pale.

Pumu ya kweli kwa kawaida inapiga mluzi pande zote mbili. Weka sikio lako mgongoni kwake, chini ya bega la kulia, halafu la kushoto. Niambie.

MamaSufi_Malaba

Mluzi uko kulia. Kushoto pumzi inasikika wazi, kulia ni ndogo na ina mluzi. Mikono inanitetemeka.

Nesi_wa_Usiku

Mama Sufi, tulia, mtoto wako analala na anavuta pumzi, una muda wa kujipanga. Ila usingoje Jumamosi. Asubuhi na mapema nenda hospitali ya Tororo, na neno lako la kwanza mapokezi liwe "alipaliwa na karanga, tarehe fulani". Usianze na kikohozi, ukianza na kikohozi utapewa tena amoksilini. Omba barua ya rufaa. Kitu hiki hakitolewi kwa dawa, kinatolewa kwa kifaa cha bomba kinachopitishwa mdomoni mtoto akiwa usingizini, na idara inayofanya kazi hiyo mara nyingi ni ya masikio, pua na koo. Watu wengi wanashangaa, kwa nini kifua kipelekwe kwa daktari wa masikio, lakini ndiyo njia yenyewe. Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, wanafanya. Mbale waulizwe kwa simu kabla hujapanda taksi, wakubwa wa Tororo watakupigia.

Ukiona usiku huu mbavu zinaingia ndani akipumua, anaguna, midomo inarudi zambarau, au anashindwa kunywa, usingoje alfajiri, amsha hata Bodaman.

Bodaman_Tororo

Nitumie ujumbe faragha dada, nipo Malaba sasa hivi nimeleta abiria. Tangawizi nimeifuta.

Binti_wa_Bombo

Kuhusu kimio mimi nitasema wazi. Mpwa wangu alikatwa kwa kikohozi hicho hicho cha "hakiishi", kwa kisu cha mzee, akavuja damu siku mbili. Kikohozi kikabaki. Kimio kinaning'inia kooni juu kabisa, ugonjwa uko kifuani chini, utakata nini? Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba daktari amekataza mtoto kuguswa koo kabla ya kipimo. Usibishane naye. Msingizie daktari.

Fundi_Redio_Iganga

Lakini kikohozi zaidi ya wiki mbili si ndiyo kifua kikuu? Sisi tulifundishwa hivyo na wahudumu wa afya wa kijiji.

Klinishani_Mstaafu

Umefundishwa sawa, na wakimpima hakuna hasara, vipimo na dawa za TB hospitali za serikali ni bure. Mama Sufi, kama kuna mtu nyumbani anayekohoa muda mrefu, sema. Ila upande mmoja tu, na umeanza na kupaliwa? Mimi naanza na karanga.

Mzee_wa_Katwe

Niwachekeshe kidogo huku mama anasubiri kukuche. Mtu wa kwanza kutoa kitu namna hii alikuwa Gustav Killian, Mjerumani wa Freiburg, mwaka 1897. Mgonjwa alikuwa mkulima, mfupa wa nguruwe umekwama tawi la kulia. La kulia tena! Akaja Mmarekani Chevalier Jackson, yeye kila alichokitoa alikihifadhi: pini, vifungo, mifupa, sarafu, vitu zaidi ya 2,000, na mkusanyiko wake uko makumbusho ya Philadelphia mpaka leo. Kwa hiyo mwanao ana wenzake wengi.

MamaSufi_Malaba

Siku tano baadaye. Samahanini kwa kimya.

Tororo niliyasema yale maneno kama nilivyofundishwa. Daktari kijana akaweka kipimo kulia, akaweka kushoto, akarudi kulia, akaandika barua bila kunihoji mengi. Tukafika Mulago jioni. Kosa langu, njiani nilimnywesha uji, kwa hiyo wakasema hawawezi kumlaza usingizi mpaka zipite saa sita. Mnaokwenda, ulizeni kwanza kabla ya kulisha.

Waliingia naye, nikakaa kwenye benchi na kiatu chake kimoja mkononi, kingine sijui kilidondoka wapi. Alipotoka nesi alinionyesha kijibakuli cha chuma: nusu ya karanga, imevimba, rangi ya uji, na ganda lake jekundu bado limeshikilia upande mmoja. Ilikuwa kulia.

Bado anakohoa kidogo na yuko kwenye dawa, ila mluzi haupo. Jana usiku nilihesabu, 28. Baba watoto kapatikana, kaambiwa yote kwa mkupuo, akanyamaza, akauliza kama karanga zilizobaki nimeziuza.

Bodaman_Tororo

Umeziuza?

MamaSufi_Malaba

Nimeziuza. Sasa nazipetea kwa jirani, watoto wakiwa wamelala.

Nesi_wa_Usiku

Alhamdulillahi. Na huyo mdogo, nzima nzima asipewe mpaka afike miaka mitano hivi, magego yake bado hayasagi vizuri. Akitaka sana, msagie iwe mchuzi. Kliniki ya marudio wamekupa lini?

MamaSufi_Malaba

Jumanne ijayo, Tororo. Mama mkwe amesema atakuja naye, anataka kumwona huyo daktari.