Naomba ushauri: akaunti yangu imetumika kubadilisha alama za wanafunzi

Msaidizi wa Maabara
Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Ninafanya kazi katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Mbale, Uganda. Ijumaa mkuu wangu alinionyesha karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo wa alama: akaunti yangu iliingia saa 4:40 usiku, na alama za wanafunzi watatu zikabadilishwa. Saa hiyo nilikuwa nyumbani Namakwekwe, nimelala. Kikao ni Jumatatu. Je, nikiifomati kompyuta yangu ya ofisini, yaani kufuta kila kitu kilichomo, kabla ya kikao, maana ni nzito na imejaa virusi, nitakuwa nimekosea?

Fundi Waya
Pole, ndugu. Shida kubwa ya vyuo vyetu ni maneno ya siri dhaifu. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, na washa uthibitisho wa hatua mbili ili mfumo udai namba inayotumwa kwenye simu yako.

Mama Babirye
Mwanangu, nimekuelewa kabisa. Mimi niliacha barua pepe yangu wazi katika duka la kuchapisha kule Wandegeya, nikakimbilia taksi. Jioni ile ndugu zangu waliandikiwa kwa jina langu kwamba nimelazwa, na wawili wakatuma pesa kwa namba wasiyoijua. Hadi leo mmoja wao hajanisamehe.

Mpenda Sheria
Mama, pole sana, lakini turudi kwa mwenye uzi. Ndugu, ni nani mwingine aliyelijua neno lako la siri? Na kama kompyuta imekuwa nzito siku zote, kwa nini uifomati wikiendi hii?

Msaidizi wa Maabara
Binamu yangu, ambaye ni mwanafunzi hapo hapo, alilijua. Nilimwandikia kwenye kipande cha bahasha ili achapishe kazi zake, kwa sababu akaunti za wanafunzi zina kikomo cha kurasa. Mama yake, shangazi yangu, ndiye aliyenisomesha, nami singeweza kumnyima mwanawe kitu kidogo namna hiyo. Kuhusu kufomati, tayari nimenakili mafaili yangu kwenye flashi. Sioni ubaya wa kusafisha mashine ninayoitunza mwenyewe.

Mpenda Sheria
Ubaya upo. Kumbukumbu za nani aliingia na saa ngapi zimo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, kwa hiyo hutakuwa umefuta chochote isipokuwa ushahidi ambao ungeweza kukutetea, yaani kwamba mashine yako ilikuwa imezimwa usiku ule. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamgusa anayebadilisha data bila idhini, na pia anayetoa neno la siri bila ruhusa huku akiwa na sababu ya kujua kwamba litaleta hasara. Tena alama ni taarifa binafsi za wanafunzi, zinazolindwa na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019.

Mchungaji Kijana
Undugu usiomwogopa Mungu huzaa aibu. Ungemkatalia mapema.

Jicho la Elgon
Mimi siamini hadithi hii. Maabara gani huwa wazi saa 4:40 usiku? Huenda mwandishi ndiye huyo binamu, na anatuuliza jinsi ya kuficha nyayo zake.

Msaidizi wa Maabara
Mfumo wa alama hufunguka kwa simu popote penye intaneti. Binamu hakuhitaji kuingia maabara. Mimi si binamu. Laiti ningekuwa natunga, ningeliacha hili ninaloliandika sasa: asubuhi iliyofuata usiku ule binamu alinitumia shilingi 50,000 kwa simu, akasema ni za sukari ya watoto. Nilizipokea bila kumuuliza. Nilinunua unga na mafuta, na ujumbe wa muamala bado umo kwenye simu yangu.

Jicho la Elgon
Basi naondoa shaka yangu, ndugu. Usiufute ujumbe huo.

Mpenda Sheria
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Badilisha neno la siri sasa hivi, usiiguse kompyuta ya ofisini, kisha umpigie mkuu wako leo hii umweleze habari ya bahasha na ya pesa pia, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine.

Msaidizi wa Maabara
Neno la siri nimelibadilisha. Namba ya mkuu ninayo hapa, lakini shangazi ananipigia kwa mara ya tatu tangu asubuhi, nami sijapokea.